Isimu Darasani na Lugha za Sokoni: Mwanafunzi wa Sondu Katika Chuo Kikuu

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini somo la isimu, kama lifundishwavyo katika idara za lugha za vyuo vikuu vya Kenya, hupokelewa na wanafunzi kwa namna zinazohitilafiana sana. Wapo wanaotoka katika mihadhara wakiwa wamefumbuliwa macho, wakaanza kusikia katika maneno ya nyumbani kwao mambo ambayo hawakuwahi kuyasikia. Wapo pia wanaolihesabu somo hilo kuwa adhabu iliyowekwa mlangoni mwa fasihi, na ambao husoma istilahi zake kama mtu anayehesabu mawe. Aghalabu hitilafu hii huelezwa kwa tofauti za akili au bidii. Maelezo hayo ni mepesi mno. Hapa inadaiwa kwamba jambo lenye uzito zaidi ni uhusiano uliopo, au usiokuwapo, baina ya mifano inayotumiwa darasani na lugha ambazo mwanafunzi amekuja nazo.

Mfano unaochukuliwa ni wa wanafunzi watokao Sondu na viunga vyake. Sondu ni mji wa soko katika barabara itokayo Ahero kupitia Katito, ikaendelea Oyugis hadi Kisii. Njia nyingine hupanda kutoka hapo kwenda Kapsoit na Kericho. Mji wenyewe umekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Nyakach, katika Kaunti ya Kisumu. Upande wa pili ni Kericho. Na mwendo mfupi kuelekea kusini ni Rachuonyo, katika Kaunti ya Homa Bay. Nchi ya Wagusii nayo haiko mbali. Mto upitao hapo hutokana na Kipsonoi na Yurith, mito ishukayo kutoka nyanda za juu, nao huingia katika Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Winam. Sehemu za chini mto huo huitwa Miriu. Kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 2008 kimepewa majina yote mawili, Sondu-Miriu, na hivyo wahandisi wakalimaliza kwa kistari kifupi jambo ambalo wanajamii bado hulijadili.

Katika soko hilo ndizi na mboga za Ugusii hukutana na samaki wa ziwani na mifugo ya Wakipsigis. Pamoja na bidhaa hizo hukutana lugha tatu ambazo mwanaisimu yeyote angefurahi kuzikuta mahali pamoja: Dholuo, ambayo ni ya tawi la magharibi la lugha za Kiniloti, Kipsigis, ambayo ni ya tawi la kusini la lugha hizo, na Ekegusii, ambayo ni ya Kibantu. Juu ya hizo zote kipo Kiswahili, na shuleni kipo Kiingereza. Mtoto aliyelelewa nyuma ya meza ya mama muuza mboga huweza kufika umri wa miaka kumi akiwa anasema lugha tatu kati ya hizo na kuielewa ya nne. Hakuna amwambiaye kuwa hiyo ni elimu.

ELIMU ANAYOKUJA NAYO MWANAFUNZI

Ili kuelewa mshtuko wa mwaka wa kwanza chuoni, yafaa kwanza kuangalia kile ambacho mwanafunzi amefundishwa kukiita sarufi. Kiswahili kilifanywa somo la lazima, lenye kutahiniwa, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, na wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo waliingia vyuo vikuu mwaka 1990. Mfumo wenyewe unaondolewa hatua kwa hatua, na mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Hata hivyo wanafunzi walioko vyuoni leo ni zao lake. Katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, na isimujamii 10. Alama hizo 40 ndizo zilizoijenga picha ya sarufi katika akili ya kijana. Sarufi kwake ni maswali mafupi yenye jibu moja sahihi: kanusha, geuza, andika katika wingi, changanua kwa kielelezo cha matawi.

Kielelezo hicho cha matawi ni mfano mzuri wa tatizo. Mwanafunzi huwasili chuoni akiwa amekwisha kuchora matawi mamia. Anajua kuwa sentensi hugawanywa katika KN na KT, na mkono wake huyachora matawi hayo kabla akili haijaisoma sentensi. Asilolijua ni swali ambalo kielelezo hicho ni jibu lake. Hajawahi kuulizwa kwa nini maneno fulani yahesabiwe kuwa ni kitu kimoja na mengine yasihesabiwe, wala kuonyeshwa kwamba mgawanyo huo ni dai linaloweza kupingwa kwa ushahidi. Mhadhiri wa sintaksia anapomwambia kuwa matawi yake ni sahihi lakini hayaelezi chochote, mwanafunzi huona amedhulumiwa. Na kwa kiasi fulani amedhulumiwa kweli, kwani alipewa chombo pasipo kuelezwa kazi yake.

Kwa mzaliwa wa Sondu asemaye Kipsigis au Dholuo jambo hili lina upande wa pili. Katika Kipsigis mpangilio wa kawaida wa sentensi huanza na kitenzi, kisha mtenda, kisha mtendwa. Kitenzi kimetenganishwa na mtendwa wake kwa mtu aliyesimama katikati. Je, KT ni ipi hapo? Swali hilo limewashughulisha wanasintaksia wengi wa dunia, na majibu yake hayajawa mamoja. Mwanafunzi amelibeba mdomoni tangu utotoni, lakini darasa likiishia katika sentensi za Juma na mpira wake, hatajua kuwa amelibeba.

NGELI: MAJINA MAWILI KWA KITU KIMOJA

Mahali pa pili pa kujikwaa ni ngeli. Shule za Kenya huzitaja ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, na kadhalika. Chuo kikuu huzitaja kwa nambari, kwa desturi iliyoanzishwa na Wilhelm Bleek katika kazi yake ya ulinganishi iliyoanza kutoka mwaka 1862, na ikaendelezwa na Carl Meinhof. Laiti tofauti ingekuwa ya majina tu, juma moja lingetosha kuimaliza. Lakini majina hayo yanasimamia nadharia mbili. Neno kiboko shuleni huwekwa katika A-WA kwa kuwa husemwa kiboko mkubwa amelala. Chuoni mwanafunzi huambiwa kuwa kwa umbo lake neno hilo ni la ngeli ya 7, na kwamba upatanisho wa viumbe vyenye uhai ni kanuni nyingine iliyokuja juu ya mfumo wa kale. Wengi hulipokea jambo hili kama ugomvi wa walimu: aliyewafundisha sekondari alikosea, au huyu wa sasa anajikweza.

Hapa msemaji wa Ekegusii ana faida ambayo mara nyingi haitumiki. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara jina la mnyama hufuata upatanisho wa ngeli yake lenyewe, si wa ngeli ya watu. Akiulizwa jinsi asemavyo habari za ng'ombe nyumbani, atatoa mwenyewe ushahidi kwamba mfumo wa umbo na mfumo wa uhai ni mambo mawili, na kwamba Kiswahili kimeyachanganya kwa njia yake. Msemaji wa Dholuo naye, ambaye lugha yake haina ngeli za namna hiyo, alijifunza ngeli za Kiswahili kwa sikio na kwa fimbo. Huyu huzijua kama mgeni azijuavyo njia za mji: kwa kuhesabu kona. Mhadhiri mwenye busara huweza kumfanya awe msaada mkubwa darasani, kwa kuwa yeye huona kanuni mahali ambapo mzawa wa lugha haoni kitu.

SAUTI

Katika sehemu zote za isimu, hakuna ambapo mwanafunzi wa Sondu anayo mali nyingi kama katika elimu ya sauti, wala hakuna ambapo mali hiyo hutupwa kwa wepesi zaidi.

Kiswahili kina irabu tano. Ekegusii ina saba. Dholuo huhesabiwa kuwa na tisa, zigawanyikazo katika makundi mawili: zile zitamkwazo huku shina la ulimi limesogezwa mbele, na zile ambazo shina hilo limerudishwa nyuma, na kwa kawaida irabu za shina moja la neno hutoka katika kundi moja. Kipsigis ina mgawanyo wa namna hiyo hiyo, tena huongeza tofauti ya urefu, irabu fupi na irabu ndefu. Lugha zote hizo huandikwa kwa herufi tano, a, e, i, o, u. Mwanafunzi aliyejifunza kusoma kwa herufi hizo huamini kwa dhati kwamba lugha yake ina irabu tano, hata kama kinywa chake hutamka nyingi zaidi kila siku. Kumwonyesha kuwa sikio lake ni la kuaminiwa kuliko tahajia ni tukio dogo darasani, lakini wapo wanaolikumbuka miaka mingi baada ya kusahau istilahi zote.

Habari ya toni ni ya kustaajabisha zaidi. Kiswahili Sanifu hakina toni, na vitabu vya Kiswahili huipitia mada hiyo kwa aya moja au mbili, kama habari ya nchi za mbali, pengine kwa mfano kutoka Kichina. Dholuo ina toni, Ekegusii ina toni, Kipsigis ina toni. Katika Kipsigis na ndugu zake wa Kikalenjin, toni hufanya kazi ambayo katika Kilatini hufanywa na viambishi tamati: jina lifuatalo kitenzi hubadilishwa toni likiwa ni la mtenda, na hubaki na toni yake ya msingi likiwa ni la mtendwa. Huyo mwanafunzi aliyeketi nyuma akinakili mfano wa Kichina ubaoni angeweza kulitolea darasa zima mhadhara bila ya kuandika kitu.

Kuhusu konsonanti, uchukuliwe kwanza mfano wa jina lenyewe la lugha. Katika maandishi huonekana Kipsigis na Kipsikis, na wenyewe hawagombani juu ya hilo. Sababu ni kwamba katika lugha hiyo tofauti ya sauti ghuna na sighuna haitenganishi maana. K ikiwa baina ya irabu husikika ikielekea g, na p ikielekea b. Kwa msemaji ni sauti moja. Hii ndiyo maana halisi ya fonimu na alofoni. Kwa kawaida somo hilo hufundishwa kwa p mbili za Kiingereza, moja yenye mpumuo na nyingine isiyo nao, ambazo mwanafunzi wa Kericho hajazisikia na hana haja nazo. Mwanafunzi huyo huyo alipokuwa shuleni alichekwa kwa kusema kapisa badala ya kabisa. Akifundishwa kwamba aliyemcheka alikuwa akisikia fonimu mbili mahali ambapo yeye anayo moja, jeraha la zamani hugeuka kuwa ujuzi. Asipofundishwa hivyo, hubaki na jeraha, na isimu humwongezea istilahi ya kulitaja.

Ekegusii nayo ina kanuni inayojulikana kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Unyamwezi. Kusoma ni ogosoma, lakini kuona ni okorora. K ya kiambishi hugeuka g pale ambapo silabi ifuatayo inaanza na konsonanti sighuna. Kwa maneno mengine, sighuna mbili zikikaribiana, ya kwanza hulegea. Ndiyo maana lugha yenyewe huitwa Ekegusii, kwa ke, kwa sababu inayofuata ni g. Na jirani zao Wakuria huiita yao Igikuria, kwa gi, kwa sababu inayofuata ni k. Majina mawili ya lugha yakiwekwa ubaoni yatosha kuianza kanuni nzima.

Lakini mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Dholuo. Kilima ni got, vilima ni gode. Fimbo ni luth, fimbo nyingi ni ludhe. Hadi hapo yaonekana kuwa sighuna hugeuka ghuna katika wingi. Ila mfupa ni chogo, na mifupa ni choke: hapa ghuna imegeuka sighuna. Yaani wingi hauchagui sauti fulani. Huchagua kinyume cha ile iliyopo. Kanuni ya namna hii, ya kubadilishana pande, ilileta mashaka makubwa miongoni mwa wanafonolojia, kwani wengi walishikilia kwamba haiwezekani. Edgar Gregersen aliiandikia mwaka 1972, na Duncan Okoth-Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi akaichunguza kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya mofofonolojia ya Dholuo. Tangu hapo mjadala haujakoma. Nayo kanuni haijafa katika vinywa vya watu: neno buk, lililokopwa kutoka Kiingereza, wingi wake ni buge.

Sasa atazamwe mwanafunzi wa Nyakach anayepewa data hiyo katika mtihani. Kila neno lililoko katika karatasi analijua. Hata hivyo si jambo geni kwa mwanafunzi wa namna hiyo kulikimbia swali hilo na kuchagua lile la lugha asiyoijua. Sababu huelezeka. Swali limeandikwa kwa alama za sifa bainifu, ndani ya mabano ya mraba, pamoja na ishara za kuongeza na kutoa. Naye hajaonyeshwa daraja linalotoka katika got ya kwao kwenda katika got ya karatasini. Tena lugha asiyoijua ina usalama wake, kwani hakuna kitakachomchanganya. Huu si udhaifu wa mwanafunzi. Ni ushahidi kuwa darasa limefaulu kuitenga lugha na msemaji wake.

HESABU ZA SOKONI

Isimu linganishi huhesabiwa na wanafunzi wengi kuwa somo kavu kuliko yote. Ni orodha za maneno, nyota za maumbo ya kale, na majina ya Wajerumani waliokwisha kufa. Lakini muuzaji wa Sondu huifanya kila siku ya soko, kwa kuhesabu.

Moja hadi tano kwa Dholuo ni achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Kwa Kipsigis ni agenge, aeng', somok, ang'wan, mut. Nne ya Dholuo na nne ya Kipsigis zinafanana mno kuwa ni bahati nasibu, na mwanafunzi huwa tayari kusema kuwa mmoja amemwazima mwenzake sokoni. Ndipo hapo aelezwe tofauti ya ukopaji na undugu: lugha hizo ni za ukoo mmoja wa Kiniloti uliogawanyika kitambo kirefu kabla ya soko la Sondu. Joseph Greenberg aliuthibitisha undugu huo katika uainishaji wake wa mwaka 1963, akalikataa jina la Kinilo-Hamiti walilokuwa wamepewa Wakalenjin na wenzao. Jina hilo, lililobeba dhana za mbari kuliko za lugha, lilidumu katika vitabu vya shule kwa miaka mingi baadaye, na wazee wengine hulitumia hata leo.

Ekegusii huonyesha undugu wa upande mwingine: ibere, isato, inye, isano, ikomi. Asiyeziona humo mbili, tatu, nne, tano na kumi za Kiswahili hataki kuona. Lakini baada ya tano hutokea jambo jipya. Sita ya Ekegusii ni tano na moja, saba ni tano na mbili. Dholuo nayo sita ni auchiel, na saba ni abiriyo, ambamo achiel na ariyo husikika waziwazi. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zinahesabu kwa mtindo mmoja wa vidole vya mkono. Kipsigis haifanyi hivyo. Sita yake ni lo, saba ni tisap. Kwa hiyo darasa linaona kwamba undugu wa maneno na ufanani wa muundo haviendi sambamba sikuzote, na kwamba kila kimoja hudai maelezo yake.

Kisha kumi ya Kipsigis, taman. Neno hilo si la Kiniloti. Christopher Ehret, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya historia ya Waniloti wa Kusini, alionyesha jinsi lugha hizi zilivyopokea maneno mengi kutoka kwa wasemaji wa lugha za Kikushi. Msomali hata leo husema toban. Kwa neno moja la kuhesabia ng'ombe, mwanafunzi hushika ncha ya historia ambayo haikuandikwa popote.

ISTILAHI NA LUGHA YA KUFUNDISHIA

Yapo malalamiko ya wanafunzi ambayo hayana budi kukubaliwa moja kwa moja. La kwanza ni la istilahi. Katika idara za Kiswahili somo hufundishwa kwa Kiswahili, na katika idara za isimu kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayezichukua kozi za pande zote mbili hujifunza kila dhana mara mbili. Ndani ya Kiswahili chenyewe atakuta sintaksia na sarufi miundo, mofolojia na sarufi maumbo, kirai na kikundi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, na baadaye vitabu vya D. P. B. Massamba na wenzake. Nchini Kenya vilitoka Mtalaa wa Isimu cha R. S. Mgullu mwaka 1999 na Misingi ya Sarufi ya Kiswahili cha Habwe na Karanja mwaka 2004. Vitabu hivi vimefanya kazi kubwa ambayo haikuwapo kwa wanafunzi wa miaka ya 1970. Lakini havikuafikiana katika kila neno, na mwanafunzi anayenukuu kimoja katika mtihani wa mhadhiri anayefuata kingine huweza kujuta.

Hata hivyo lalamiko la istilahi mara nyingi huficha lalamiko jingine. Neno geni halimtishi mtu anayekijua kitu chenyewe. Mvuvi wa Nyakach hakusumbuliwa na jina la mbuta alipoanza kumvua. Istilahi huelemea pale inapotangulia kitu. Mhadhiri akianza na tafsili ya alofoni, kisha aina zake, kisha mfano, wanafunzi huandika vyote vitatu wala wasielewe kimoja. Akianza na kapisa na kabisa, neno alofoni huja kama msaada.

MPAKA

Imebaki sehemu ya isimujamii, ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa nyepesi. Katika shule za sekondari hufundishwa kama orodha ya sajili: sajili ya sokoni, ya hospitalini, ya mahakamani, kila moja na sifa zake za kukariri. Chuoni huongezwa uwililugha, kubadili msimbo, na lugha kama kitambulisho. Sajili ya sokoni katika vitabu huwa na mnadi mmoja anayepiga kelele kwa Kiswahili.

Mwanafunzi wa Sondu analijua soko la namna nyingine. Mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila yaliyoenea mipakani mwa Bonde la Ufa, eneo hilo lilikumbwa. Na mwaka 2023 mapigano yalizuka tena baina ya pande mbili za mpaka, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Katika siku za namna hiyo lugha aliyonayo mtu mdomoni ndiyo inayoamua ni upande gani wa barabara aweza kutembea. Yule mama aliyekuwa akimwita mteja kwa lugha tatu hunyamaza, au hubaki na Kiswahili peke yake, kwa sababu Kiswahili hakimtambulishi. Mhadhiri anayefundisha kubadili msimbo kana kwamba ni urembo wa mazungumzo hana budi kujua kuwa mbele yake pengine ameketi kijana aliyewahi kubadili msimbo ili afike nyumbani akiwa hai.

Si kwamba darasa ligeuzwe kuwa baraza la amani. Wanafunzi wa pande mbili huketi katika chumba kimoja cha mihadhara, huko Maseno au Nairobi, na wengine hawapendi kuulizwa watokako. Mhadhiri akiwataka wataje lugha zao mbele ya wenzao bila ya kufikiri, huweza kufanya madhara. Njia iliyo salama zaidi ni ya kazi ya nyumbani, ambapo kila mmoja huleta data ya lugha aipendayo, iwe ya kwake au ya jirani yake. Hutokea Mjaluo akaleta orodha ya Kipsigis aliyojifunza sokoni, nayo ikawa sahihi. Jambo hilo halihitaji kuhubiriwa.

WANAOBAKI NA WANAOKWENDA

Wengi wa wanafunzi hawa wanasomea ualimu. Swali lao la wazi ni je, toni ya Kipsigis itawafaa nini katika kumwandaa mtoto kwa zile alama 40? Jibu la kweli ni kwamba haitawafaa kwa njia ya moja kwa moja, na mhadhiri anayedai vinginevyo hapotezi muda kuaminiwa. Lakini mwalimu wa Kiswahili katika shule ya Sondu husahihisha kila siku makosa yanayotokana na Dholuo, Kipsigis na Ekegusii. Asiyezijua lugha hizo kama mifumo ataita uzembe kile ambacho ni kanuni.

Kuna pia suala la nani ataziandika lugha hizi. Dholuo imepata watu wake. Kipsigis ilimpata Taaitta Toweett, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri, ambaye mwaka 1979 alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin; na Nandi, lahaja iliyo karibu nayo, ilipata sarufi ya Creider na Creider mwaka 1989. Baada ya hapo tasnifu zimeandikwa vyuoni, nyingi kwa Kiingereza. Mfano wa lugha iliyochelewa uko katika ufuko huo huo wa ziwa: Kisuba cha visiwa vya Rusinga na Mfangano, ambacho wasemaji wake wengi walihamia Dholuo, na ambacho Franz Rottland na Okoth-Okombo walikieleza mwaka 1992 katika mkusanyiko wa makala juu ya kufa kwa lugha. Walipoanza kukichunguza, katika Rusinga walikuta zaidi wazee.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu huandika kazi za semina zenye orodha za maneno, vitenzi vilivyonyambuliwa, na hadithi fupi zilizonakiliwa kutoka kwa bibi zao. Baadhi ya kazi hizo zina makosa mengi ya unukuzi. Baadhi zina maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Hutiwa alama, hurudishwa, na mwisho wa muhula huachwa juu ya vitanda vya mabweni pamoja na magazeti ya zamani. Idara ambayo ingetenga kabati moja lenye kufuli, na mtu mmoja wa kuzipanga kwa lugha na kwa mahali, ingekuwa na hazina baada ya miaka mitano. Kabati ni kitu cha bei nafuu kuliko kitabu kipya cha nadharia, na funguo zake zaweza kukaa kwa katibu wa idara.